Nalongo Alipopitisha Kijiti

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje karibu, kwa maana sauti iliyobaki ni ndogo na sitaki kuyarudia haya. Mutwalibu, wewe mkubwa, keti hapa kichwani pangu. Edris, simama mlangoni, mgeni yeyote asiingie mpaka nimalize. Mimi Hadijah, mama yenu, niliyewalea kwa samaki wakavu wa Sio Port tangu baba yenu alipotangulia, nasema nikiwa na akili zangu timamu, na asitokee mtu kesho akadai mama alikuwa anaweweseka.

Nyumba hii ya Busia ni ya Edris. Kibanda cha sokoni ni cha Mutwalibu, pamoja na wavuvi wote wanaoniuzia. Mashine ya kusaga iliyoko Khunyangu ni ya dada yenu Kadija, anayekaa Mbale na mumewe. Nimekuona, Mutwalibu, umeinamisha uso, maana ulikwishaipangia safari, ukawaambia marafiki zako kwamba kule Mbale watu ni wengi na mashine ni chache, ukiivusha mpaka, utatajirika upesi. Mashine haivuki. Inabaki Khunyangu ikimngoja Kadija, ili akirudi na watoto wake asigeuke mtu wa kuomba chumvi kwa wake zenu. Kwamba arudi, hilo ndilo nililowaitia.

Nchi ile ya ng'ambo ya mpaka naijua kuliko nyinyi. Ukifika soko la Mbale hukurupuki kuuliza bei kama tunavyofanya hapa Busia, ambapo mtu anakuuliza ngapi hata uso wako hajautazama. Kule unasalimiwa kwanza, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za njia, unaitikia mpaka unachoka, na muuzaji amekupigia magoti kana kwamba wewe ni mkwe, halafu bei inatajwa mwishoni kabisa, tena kwa haya. Akishapima, mkebe umejaa mpaka maharagwe yanamwagika, anatia mkono guniani tena anakuongezea. Nilipokuwa mgeni nilicheka, nikadhani hawa watu hawajui kuuza. Baadaye nikaelewa kwamba bei wanampa kila mtu, lakini ile nyongeza wanampa mtu wanayetaka arudi, na mimi mwenyewe nikaanza kuwaongezea samaki.

Nalongo, yule mama wa mapacha ninayemtaja kila siku, amenipimia maharagwe ya mlimani tangu Edris ananyonya, na mkono wake wa mwisho hakuusahau hata mara moja. Shilingi zetu zilipogawanywa, kila nchi ikawa na noti zake, na pale daraja la Malaba watu waliozoeana wakaanza kuulizana vibali, yeye aliniongezea vilevile.

Safari yangu ya mwisho, kabla kifua hiki hakijanilaza, nilimkuta amesimama. Hakupiga magoti, hakuuliza habari zenu. Akajaza mkebe, akachukua kijiti, akakipitisha juu ya mdomo wa mkebe, maharagwe yote yaliyozidi yakarudi guniani, akanimiminia yaliyobaki. Nyinyi mtasema ni haki, kwa kuwa hakunipunja hata punje. Mimi haki hiyo sikuitaka. Nikamwuliza, "Nalongo, nimekukosea nini?"

Akajibu huku macho yake yako kwenye gunia, "Hujanikosea, dada. Wanatuangalia."

Nikageuka. Vijana wa mashati meupe walikuwa wameegemea ukuta wa duka la Mhindi lililofungwa, wanatafuna miwa, wakimkagua kila mtu wa upande wetu anayenunua na kila mwenyeji anayemuuzia. Mmoja akanichekea. Heri angenitukana, ningejua la kufanya.

Nilipokuwa naondoka, Nalongo akanisukumia kikapu chake nibebee mzigo, akasema chinichini nisikirudishe. Kikapu chenyewe kile pale juu ya kabati. Kule kikapu cha mtu unakirudisha na kitu ndani, kesho kinakujia tena na kitu kingine, na urafiki wa biashara unakwenda hivyo miaka na miaka. Mtu akikwambia ubaki nacho, amekuaga. Nalongo alikuwa ananiambia nisije tena, kwamba wageni hatutakiwi kule, na kwa kuwa ananipenda aliniambia mapema.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa dada yenu. Mumewe, Ali, alikuwa anapaka mlango rangi mpya. Nilipomweleza akanicheka kwa heshima, akasema hizo ni porojo za sokoni, yeye pale wanamjua, kasitoma wake wanampenda. Kadija alikuwa nyuma anakunja vitambaa, na aliponisindikiza stendi alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Mtoto wangu anaogopa, na anamheshimu mumewe mno hata hawezi kusema.

Juzi nilimtuma Odeke wa Kocholia, yule dereva wa lori, awaambie kwamba nakufa. Amerudi peke yake. Wamesema hawawezi kuja, kwani siku hizi duka la mgeni likifungwa kutwa moja linahesabiwa limeachwa, na jioni linakutwa na kufuli la mtu mwingine. Mwanangu ameshindwa kuja kunizika kwa sababu ya kufuli, na wewe, Mutwalibu, unataka kupeleka mashine huko huko.

Ngoja... nipeni maji. Basi, yatosha.

Mutwalibu, wewe na Ali hamjasalimiana tangu lori lake lilipomwaga mzigo wako Tororo, ukaapa hutakanyaga kizingiti chake. Kiapo hicho nakivunja mimi niliyekuzaa, na dhambi yake naibeba mimi. Utakwenda wewe. Edris ni mpole, Ali atampa soda na kumrudisha na salamu. Ukifika usibishane naye habari za serikali, hapo atakushinda. Mwulize tu kama mkewe akienda sokoni bado anaongezewa. Kisha nyamaza, umtazame Kadija, usimtazame Ali. Ukiona ameinama, mchukue na watoto na cherehani yake, mengine yote waachie, hata bati. Ali naye mlete, hata akikutukana njia nzima.

Msiningoje. Nikienda kabla hamjarudi, Edris atanizika na jamaa wa msikitini, inatosha. Na wale watakaovuka kuja matangani, akiwemo Nalongo akithubutu, wapakulieni mpaka sahani ifurike, msije mkaanza na nyinyi kupitisha kijiti. Kikapu mpeni Kadija. Atajua ni cha nani.

Nimewasamehe yote. Nanyi nisameheni. Mwenyezi Mungu awapimie kwa kujaza, wanangu, awaongezee na mkono wa mwisho... awakutanishe nyumba moja... nyote watatu...

Edris, hiyo ni honi ya nani? Ni Odeke? Anakwenda Malaba. Mutwalibu... mbona bado umekaa?