Bi. Nakhumicha na Meza Ndefu za Hoteli ya Tushibe

Nakuru, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Nimepewa ukurasa huu wa programu ya kuagana niandike habari za Bi. Rebeka Nakhumicha, na naahidi kusema yote, hata yale ambayo huachwa siku ya sherehe. Leo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja jikoni mwa Hoteli ya Tushibe, hapa Section 58. Mimi ni Abby Njoki wa kidato cha tatu, na kila likizo huosha vyombo jikoni humo.

Bi. Nakhumicha aliajiriwa mwaka wa 1994 kumenya viazi. Jumatatu moja mpishi aliugua, yeye akashika mwiko, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpokonya. Ugali wake hupakuliwa kwenye sinia moja kwa watu wanne, na hao wanne si lazima wajuane. Fundi wa magari, karani na muuza mitumba hukaa benchi moja, wakamega pamoja, wakabishana juu ya mpira. Hiyo ndiyo desturi ya Tushibe.

Kuhusu viazi, au waru, hana mzaha. Kipruto, anayevileta kutoka Kuresoi, aliwekewa sharti: kabla gunia halijashushwa, viazi vitatu vichemshwe, na yeye mwenyewe avile mbele ya mpishi. Siku moja alimlalamikia huyo mama tunayemwita Mathe, "Mathe, mimi nimeleta waru, sijaleta mtoto kuandikishwa shule!" Akajibiwa, "Kula, kijana. Ukikunja uso, unarudi nazo Kuresoi."

Sasa yale yanayoachwa. Hoteli za mtaa wetu zimekuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Kiwanda kilicho karibu kilipunguza wafanyakazi. Unga na gesi vilipanda bei. Watu wa ofisi wakaanza kuagiza chakula kwa simu, kikaletwa kwa pikipiki. Hayo ni kweli, lakini Tushibe ilijiumiza yenyewe pia. Miaka miwili iliyopita, mwenye hoteli, Mzee Kahiga, alitembelea mkahawa mpya mjini akarudi na wazo. Meza ndefu na mabenchi vikaingizwa stoo, vikaja vimeza vya duara vya watu wawili wawili. Alisema mtu wa kisasa hapendi kula na asiyemjua.

Sinia haikuenea juu ya vimeza hivyo. Siku ya kwanza mchuzi wa matumbo ulimmwagikia fundi Odongo kwenye suruali. Alisimama akauliza, "Boss, hii ni meza ama stuli?" Watu walicheka, lakini kesho yake Odongo hakuja, wala wenzake. Ugali uliogawanywa kwenye sahani moja moja ulipoa upesi, na aliyezoea kuchangia sinia alijikuta akila peke yake kama mgonjwa. Kabla ya mwezi kuisha, nusu ya wateja walikuwa wamepotea.

Bi. Nakhumicha hakugombana na mwajiri wake. Alitoa meza ndefu na mabenchi stoo, akavipanga uani nyuma ya jiko, akampigia Odongo simu: "Lete watu wako. Na uvae suruali kuukuu." Wiki tatu baadaye, Mzee Kahiga aliingia saa saba mchana akakuta vimeza vitupu mbele na vicheko uani. Aliwafuata huko. Kisha akasema, "Haya, nisogezeeni nami nikae." Siku iliyofuata vimeza viliondoka, meza ndefu zikarudi.

Wateja walirudi, ingawa si wote. Tena sasa kuna jambo linalotunyima raha. Mfanyabiashara wa simu ameomba kukodi jengo hili kuanzia Januari. Mzee Kahiga, ambaye jengo ni lake, ametuambia waziwazi kwamba Nakhumicha akienda haoni sababu ya kuendelea, kwa kuwa watu huufuata mkono wake. Na sisi tunaomwona akishika ukuta magoti yanapomuuma hatuwezi kumwomba abaki.

Kwa hiyo amejipa kazi ya mwisho. Tangu Agosti amekuwa akimfundisha msaidizi wake, Chepkosgei, kila anachokijua. Alhamisi ya wiki jana alivua aproni akamwachia jiko lote. Hakuna mteja aliyeambiwa. Odongo na wenzake walimaliza sinia, Odongo akapaza sauti kuelekea jikoni, "Mathe, leo umeamka vizuri! Ongeza hapa!" Mathe alikuwa ameketi benchi la nyuma yake, mdomo umejaa. Mzee Kahiga hakuwepo siku hiyo, ndiyo sababu nayaandika haya.

Bi. Nakhumicha, asante kwa kutulisha na kutufundisha. Unakwenda Gilgil kwa binti yako. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, miguu iliyopumzika, na chakula kitamu utakachopikiwa na wengine.

Nawe Mzee Kahiga, uko meza kuu na programu hii iko mkononi mwako. Chepkosgei yuko tayari, nasi tuko nyuma yake. Nimeacha nafasi chini ya ukurasa, na nitapita kuchukua jibu lako kabla sherehe haijaisha: je, utamwambia mtu wa simu atafute jengo lingine?