Nashilu Lemomo na Barakoa za Wageni

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi Nashilu Lemomo anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mawe hapa Olasiti kwa miaka ishirini na minane na miezi tisa. Ana umri wa miaka hamsini na mitano. Angeweza kuendelea mpaka sitini, na sote tulitaka aendelee. Anaondoka mapema kwa sababu pua yake haisikii tena harufu yoyote, na fundi wa dawa ya mawe asiyesikia harufu ni sawa na mpishi asiyeonja chumvi. Yupo mtu anayehusika na jambo hilo, nami nitamtaja humu humu.

Alikuja Februari 1997 kuosha mawe. Kwa wasioijua kazi yetu, mawe haya ya volkano yana matundu kama andazi lililoumuka vizuri, na hunywa kila kinachoyamwagikia: chai, mafuta ya taa, matope ya masika. Ndiyo maana hupakwa dawa, yaani resini iliyoyeyushwa kwenye thina, iingie ndani na kuziba njia za maji. Ukiipaka jiwe likiwa bichi, linaota weupe kama ukungu wa mkate. Ukiacha iliyozidi bila kuifuta, inanata hadi nzi wanakwama. Bi Nashilu alitumia miaka miwili kuwatazama waliokuwa wakikosea, kisha akaomba brashi.

Hakuirudisha tena. Alianzia chini akipanda juu ili dawa isichuruzike, na kabla ya yote alidondosha tone la maji juu ya jiwe akahesabu kimya kimya linavyonywewa. Brashi yake hakumwazima mtu. Alisema brashi ni kama mswaki, na aliyewahi kuigusa bila ruhusa alijuta mpaka saa za kutoka kazini.

Mwaka 2008 tulijenga ukuta wa mbele wa kanisa moja Kimandolu. Ibada ya uzinduzi ilikuwa Jumapili, mvua ikanyesha Alhamisi, na meneja wetu, Bwana Elirehema, akaamuru ukuta upakwe Ijumaa hivyo hivyo. Bi Nashilu hakubishana. Alichukua kopo la dawa, akalikalia, akatoa karanga akaanza kula. Bwana Elirehema alifoka, akabembeleza, akafoka tena, na mwisho akaomba karanga. Wageni walikuja, wakaimba, wakapiga picha mbele ya ukuta usiopakwa dawa, na hakuna aliyegundua lolote. Siku tisa baadaye aliupaka, na hadi leo maji yanateleza pale kama kwenye jani la gimbi.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa pua. Kwa harufu alijua kopo lililochacha kabla halijamiminwa, alijua thina iliyochakachuliwa, alijua mkono wa kwanza wa dawa umekauka kiasi cha kupokea wa pili. Mara tatu alirudisha makopo dukani, na mara tatu duka lilikubali. Mimi niliyetunza stoo niliyasoma maandishi ya kwenye makopo yale kwa miwani, nisione kasoro.

Sasa nimtaje huyo mtu. Ni mimi, Uwesu, mtunza stoo wenu.

Mwaka 2009 muuzaji wa dawa alituletea barakoa kumi na mbili nzuri, za mpira, zenye vichujio pembeni. Nilizipanga kwenye kabati la kioo, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni. Mimi nimelelewa Kaloleni na mama ambaye vikombe vyake vizuri vilikaa kabatini kusubiri wageni, sisi watoto tukinywea vya bati. Niliona hivyo ndivyo kitu kizuri kinavyotunzwa. Wakaguzi walipokuja, nilizigawa. Wateja wa kizungu walipokuja, nilizigawa. Picha zikishapigwa nilizikusanya, nikazifuta kwa kitambaa na kuzirudisha mahali pake. Siku nyingine mafundi walijifunga vipande vya khanga usoni, na khanga haizuii hewa ya thina.

Bi Nashilu aliniomba barakoa mara moja tu, Juni 2013. Alikuwa anakwenda kupaka dawa kwenye bafu za hoteli moja upande wa Usa River, vyumba visivyo na dirisha hata la kupitisha mkono. Nilimjibu kwamba ukaguzi ni mwezi ujao, vichujio vitachafuka. Akasema sawa, kaka Uwesu, akajifunga khanga yake akaenda. Alifanya kazi mle wiki tatu. Aliporudi aliniambia chai ya kantini siku hizi haina tangawizi, nikacheka, nikadhani anamchokoza mpishi.

Harufu ilimtoka kidogo kidogo, naye akaificha. Ilipokuja Korona watu wakasema ndiyo iliyomwibia pua. Mfa maji haishi kutapatapa, nami niliing'ang'ania Korona kwa nguvu zote, ingawa tangawizi ilipotea miaka saba kabla yake.

Machi mwaka huu alifungua kopo lililochacha na kupaka ngazi nzima ya ofisi moja mjini. Dawa ilikaa wiki nzima ikinata, tukaikwangua yote. Naisula, fundi mwenzake kwa miaka kumi, alimwambia kwa upole kwamba kopo lile lilikuwa linanuka tangu mlangoni. Bi Nashilu alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Daktari alimpima, akamweleza kwamba ni thina ya miaka mingi, na kwamba pua hiyo hairudi. Wiki iliyofuata aliandika barua ya kustaafu.

Siku ile nilifungua kabati. Barakoa ya kwanza niliyoishika, mkanda wake ulikatika mkononi, na ya pili vilevile. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka, na vichujio vilikuwa vimepitwa na wakati tangu 2014. Nilizitunza mpaka zikawa hazifai kwa mgeni wala mwenyeji. Sasa kila fundi ana yake mpya, inakaa kwake, na hakuna tena inayofungiwa stoo. Hilo ni zuri, ila halimfai kitu aliyeliomba.

Mhariri wa jarida hili alinishauri niyafupishe haya, akisema sherehe ni sherehe. Nimemheshimu katika mengi, hapa nimekataa. Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Bi Nashilu, Kisongo, kumwomba radhi kabla sijaziandika habari hizi. Nilimkuta akitayarisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, kama mama zake walivyomfundisha. Moshi wa mti huo ndio unaosafisha kibuyu na kuyapa maziwa utamu wake, na tangu zamani ni pua ya mama inayoamua kama umetosha. Siku hizi mkwewe Hanna ndiye humnusia, na Hanna alikuwa bado hajarudi kutoka kanisani.

Nilisema yote niliyokwenda kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta majivu, akaninyooshea kibuyu.

"Ninusie, kaka Uwesu. Imetosha?"

Nilinusa, nikamwambia imetosha. Akaniuliza inanukiaje. Nikasema inanukia vizuri. Akasema hapana, vizuri anajua, anataka nimwambie *inanukiaje*. Nilijaribu. Mimi ninayejulikana hapa kwa maneno mengi nilikaa na kibuyu mikononi, nisipate hata neno moja la kumrudishia kile nilichomnyima.

Dada Nashilu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila ukuta wa mji huu usiopitisha maji kwa sababu ya mikono yako. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, mifugo yako iongezeke, wajukuu wakuzunguke, na nyumba yako isikose kamwe mtu wa kukunusia.