Pepo la Ajali Halikuwapo

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu sasa hivi, maana nikimaliza sijui kama mtakuwa na hamu ya kunipigia makofi.

Mnanijua. Mimi Baba Neema, dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, Kharumwa kwenda Kahama. Abiria walinipenda kwa sababu nawahisha. Kila asubuhi kabla ya kutoka stendi niliomba: "Bwana, lifunike gari hili kwa damu yako." Abiria wanasema amina, mimi nakanyaga mafuta. Ndugu zangu, nililiamini ombi lile kuliko breki! Kibao cha mwendo wa hamsini nilikiheshimu siku ya askari wa tochi tu, wale wanaopima mwendo, na wakiwapo sisi madereva tunaambiana kwa taa. Mwenzangu akiniwashia, napunguza. Asiponiwashia, mbio.

Asubuhi ile ya ajali hakuna aliyeniwashia. Niliingia kijijini na mwendo wa zaidi ya mia. Mama Kulwa alikuwa anavuka na beseni la michembe kichwani, viazi vitamu vilivyokaushwa, anapeleka gulioni. Nilimwona. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na gari likaendelea kwenda. Gari lililo mbioni halisimami eti kwa sababu umetaka! Nilimgonga. Michembe ilitapakaa lami nzima, naye akalala hapo hapo, anamwita mwanawe.

Polisi niliwaambia mama alikatiza ghafla. Hapa kanisani nikasema ni pepo la ajali, nimetumiwa. Mkafunga siku tatu kwa ajili yangu, mkalikemea mpaka sauti zikakauka. Nikaitikia amina huku najua. Watu wakaanza kumsema Mama Kulwa kuwa ni mzembe, na yeye yuko kitandani hospitalini, mguu umetiwa vyuma.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma nikamtazame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Kisha akasema, "Siku ile nilikuona. Ulikuwa mbali, kule kwenye mnara wa simu. Kwa umbali ule hata mwenye mtoto mgongoni anavuka. Sasa najiuliza, ulifikaje? Labda macho yangu yamezeeka."

Anajilaumu yeye! Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi nikalia mbele ya wagonjwa. Bwana alinifungua pale, si kwenye mfungo wenu. Nisameheni, lakini pepo mlilolikemea halikuwapo. Ulikuwa mguu wangu!

Jana nimekwenda polisi kubadilisha maelezo. Watakachoamua nitakipokea. Tangu siku ile ya wodini, nikikaribia nyumba za watu, napunguza. Abiria wananiita bwana harusi, eti naendesha kama niko kwenye msafara wa harusi, wengine wanashuka wapande gari la mwenzangu. Washuke tu.

Namshukuru Mungu hakuniacha nizikwe na uongo huu. Wewe dereva unayenisikia, mtegemee Bwana, na uondoe mguu kwenye mafuta. Havigombani. Nawe abiria, dereva akikimbia usimwonee haya, mwambie apunguze. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama Kulwa yule pale, amekuja na magongo yake. Mama, nasema mbele ya kanisa lote: macho yako ni mazima. Ulipima vizuri na ulikuwa na haki ya kuvuka. Nisamehe.