Dada Sauti na Uvumi wa Maziwa

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka msusi mmoja, mama wa watoto wawili, aliyefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Narudia: ugonjwa wa moyo.

Mtaani walimwita Dada Sauti. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, viti viwili, na feni iliyopiga kelele kuliko wateja. Humo humo, kitana mkononi, alisimamia kundi la mtaa la kwenye simu. Sheria yake ilikuwa moja. Ukileta habari mbaya juu ya watu, usiisambaze tu. Irekodi kwa sauti yako, useme ulimwona nani. Ukiandika "wale ndivyo walivyo," alikuuliza, "Wale nani? Nitajie mmoja uliyemwona kwa macho yako." Wengi walinuna. Yeye wala hakujali.

Mume wake, mpaka rangi wa nyumba, bado anacheka akisimulia. "Siku moja nilimwandikia kwamba foleni imenichelewesha. Akanijibu neno moja: Irekodi. Nilirudi nyumbani mbio!"

Sasa niwaambie siku ya maziwa. Watoto wa shule ya jirani waliumwa matumbo. Punde si punde ujumbe ukaingia kundini: watu wa kabila fulani wametia sumu kwenye maziwa. Kabila lilitajwa. Mimi silitaji, na hamtapungukiwa na kitu. Muuza maziwa wa mtaa alikuwa wa kabila hilo, na duka lake lilipakana na saluni. Dada Sauti alichungulia dirishani, akaona vijana wamejaa mbele ya duka, mmoja kashika jiwe. Ndani, muuza maziwa na mkewe walihangaika kufunga mlango.

Akatazama simu aone nani ameleta maneno yale. Alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi magari. Tumbo moja, wasikilizaji! Angeweza kuufuta ujumbe kimyakimya, amsitiri ndugu yake. Aliogopa kumwaibisha. Lakini lile jiwe alilihofia zaidi. Akatoka, akasimama mlangoni pa duka, akampigia simu, akaweka spika.

"Mdogo wangu, hebu nisomee ujumbe wako. Watu wapo hapa, wanakusikiliza."

"Si umeshausoma, dada?"

"Nataka kukusikia wewe. Nani ametia sumu?"

"Watu wa... Aa, dada, mimi nimeletewa tu."

"Umemwona nani?"

"Sijamwona mtu."

Vijana wakatazamana. Mwenye jiwe akaulizwa naye habari kaipata wapi. Kumbe naye kaletewa! Akalitupa jiwe mtaroni, wakatawanyika. Baadaye mwalimu mkuu alieleza kwamba tangi la maji la shule ndilo lililokuwa chafu.

Fundi alimkasirikia dada yake, akawa hakanyagi saluni kwa muda mrefu. Mume wake anasema jambo hilo lilimliza Dada Sauti, ila hakujuta hata kidogo. Walikuja kupatana alipoanza kuugua.

Basi, alipofariki, maneno yakaanza upya. Ati Dada Sauti katiliwa sumu, "na mnajua na kina nani." Vijana wakafika msibani, wakamzunguka fundi. "Kaka, wewe sema neno tu."

Fundi aliinuka. Alipita katikati yao hadi nyuma kabisa, alikokuwa amesimama muuza maziwa peke yake. Akamshika mkono, akamleta mbele, akamketisha kando yake, walipokaa ndugu wa marehemu. Kisha akasema, wote wakasikia: "Dada yangu kafa kwa ugonjwa wa moyo. Nilikuwepo. Huyu ndiye aliyetukimbiza hospitali na gari lake. Mkija kunipa pole, mpeni na yeye."

Vijana wakainamisha vichwa. Kisha wakaja, mmoja baada ya mwingine, wakampa mkono fundi, wakampa na muuza maziwa.

Kwa mume, kwa watoto, kwa fundi, na kwa muuza maziwa na mkewe: poleni sana. Tumempoteza mtu wa maana. Nawe unayenisikiliza, ujumbe ulioutuma asubuhi, una hakika nao? Kama huna, ufute, kisha waambie uliowatumia kwamba hukuwa na hakika. Najua, ni aibu. Fundi aliionja aibu hiyo, na jirani yake yu hai.