Kioo Cheusi cha Sambasha: Tunamuaga Mzee Elisaria Sumari

Tarehe 31 Machi 1959 Mzee Elisaria Sumari, mpiga picha za harusi wa Studio ya Bwana Ratilal hapa Arusha, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja. Mimi niliombwa niandike maneno machache ya kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe hii, nusu ukurasa tu. Nusu ukurasa! Mtu amepiga picha harusi zaidi ya elfu mbili, halafu nimfunge kwenye nusu ukurasa? Nimekataa. Karani wa mashine ya chapa amenuna, lakini atachapa tu.

Naitwa Ndesanjo, msafishaji wa picha. Tangu mwaka 1940 nimekaa na mzee huyu katika chumba cha giza kisichozidi ukubwa wa kabati, kwa hiyo mengi ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu. Mengine mpaka leo yananiacha mdomo wazi.

Mzee Elisaria alikuja mjini kutoka Nkoaranga mwaka 1928, mtoto wa mkulima wa kahawa, akaajiriwa kufagia na kubeba ile miguu mitatu ya kamera. Mwaka 1931 Bwana Ratilal aliugua malaria siku ya harusi ya watu, na hapakuwa na mwingine wa kutuma. Elisaria akaenda, akarudi na picha nne, zote safi. Tangu siku hiyo Bwana Ratilal hakwenda tena harusini. Alibaki dukani anapokea wateja na kunywa chai.

Vijana wa leo wenye kamera za kuning'iniza shingoni hawajui shida ya wakati ule. Kamera ilikuwa sanduku la mbao, picha inanaswa kwenye kioo, na mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani. Ndani ya kitambaa anaona watu juu chini, miguu huko mbinguni. Mzee mwenyewe hutuambia kwamba kila bibi harusi wa wilaya hii yeye alimwona kwanza akiwa kichwa chini, na bado aliwaona wote wazuri.

Amepiga picha kila mahali ambapo watu huoana: mbele ya makanisa ya mlimani, kwenye ofisi ya serikali, kwenye kumbi za Wahindi zilizojaa taa, kwenye bustani za masetla. Kule Usa River kulikuwa na harusi ya Mskoti mmoja. Bwana harusi akatoka amevaa sketi ya miraba. Loo! Mzee alifikiri bwana bado hajamaliza kuvaa, na kwa adabu yake ya Kimeru akageuka akatazama migomba, akimsubiri akavae suruali. Alisubiri karibu dakika arobaini. Wageni wamejipanga, jua linawaka, yeye anatazama migomba. Mpaka mpishi alipokuja kumnong'oneza kwamba kwa Waskoti ile sketi ndiyo vazi la harusi, suruali haitakuwapo leo.

Na ile ya Levolosi je? Harusi ya Kiislamu, bibi harusi yuko chumbani na wanaume hawaruhusiwi. Mzee akapanga kamera yake mbele ya kiti kitupu, akatoka nje, akamwachia shangazi wa bibi harusi kile kipira kinachobanwa ili picha inaswe. Kioo kilikuwa kimoja tu. Shangazi akataka kuhakikisha kwamba kamera inatazama kweli, akaja mbele yake, akainama, akabana. Tuliposafisha tukakuta pua ya shangazi, picha nzima. Familia iliinunua hivyo hivyo, na nasikia mpaka leo imetundikwa sebuleni.

Lakini kuharibu kioo kwa mkono wake mwenyewe, hapana. Miaka kumi na sita alipiga picha za harusi bila kuharibu hata kimoja, na alilisema jambo hilo kwa kila mteja, kanisani, sokoni Tengeru, mpaka tukachoka. Mke wake, mama Eunike, alikuwa akimwambia kwamba siku akifa tutaliandika juu ya msalaba. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine.

Sasa nifike Sambasha, kule mlimani kwa Waarusha.

Mwaka 1947 Lerionka, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, alikuja studio akataka picha ya harusi yake. Huko jeshini alikuwa ameona wenzake wakizitazama picha za wake zao, naye alitaka yake. Bibi harusi aliitwa Nalepo, binti wa Namnyaki. Tukaenda, Mzee na mimi, tumebeba sanduku letu. Hatukuwahi kupiga picha harusi ya kimila ya Waarusha. Yeye Mmeru wa Kilutheri, mimi Mchagga. Kwetu maharusi hutoka mlangoni mwa kanisa, wakasimama, wakatazama kamera, basi. Mzee akaiweka kamera langoni mwa boma, akajifunika kitambaa, akangoja watoke wasimame.

Hawakusimama. Bwana harusi alitangulia na mwenzake, na Nalepo akafuata polepole, ameinamisha kichwa, kibuyu mgongoni. Mzee alipotoa kichwa kwenye kitambaa, bibi harusi alikuwa ameshatupita, na picha iliyobaki ilikuwa ya kisogo. Akafanya alichofanya maisha yake yote kanisani. Akapaza sauti, akamwambia bibi harusi asimame, ageuke, atazame huku. Na akabana kipira.

Jamani! Vigelegele vilikatika ghafla. Mama mmoja karibu yangu aliweka mikono kichwani, mwingine akakaa chini palepale. Mimi nilidhani labda nyoka ameonekana. Ndipo mzee mmoja wa pale, Nkasiogi, akatueleza kwa Kiswahili kwamba binti wa Kiarusha akishatoka boma la baba yake hatazami nyuma kamwe. Akitazama anakuwa jiwe, na hata asipokuwa jiwe, ndoa yake imeingia mkosi.

Kisha ukazuka ubishi. Wengine walisema Nalepo ametazama nyuma. Wengine wakasema hapana, ni kamba ya kibuyu iliyoteleza, naye alisogeza bega tu. Nalepo mwenyewe hakuulizwa, na bibi harusi siku hiyo hasemi. Alisimama katikati ya njia. Mbele hawezi kwenda, kwa sababu baba mkubwa wa bwana harusi, Lekishon, amekataa katakata kupokea mkosi nyumbani kwake. Nyuma hawezi kurudi, kwa sababu kurudi ni kutazama nyuma. Mwishowe wakamweka kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa na nyumba pale njiani. Na Lerionka, mtu aliyerudi mzima kutoka vitani, alikuwa analia waziwazi mbele za watu.

Lekishon akatoa neno lake. Alisema sanduku letu halina ndugu wala rafiki, basi liseme lenyewe. Twende tukasafishe kioo, tukilete kesho. Kikionyesha kisogo, binti anaendelea na safari yake. Kikionyesha uso, anarudishwa kwao, ng'ombe wa mahari wanarudi zizini kwa mwenyewe, na ajue kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayekuja kumposa. Wazee wote wakakubali. Hakuna mwenzangu aliyewahi kubeba kioo kizito namna ile.

Asubuhi yake tuliingia chumba cha giza, tukawasha taa nyekundu, nikatia kioo kwenye dawa. Ninayoandika kuanzia hapa hata mke wangu anayasoma leo kwa mara ya kwanza.

Zilianza kutokea shanga. Halafu bega. Halafu, Mungu wangu, uso. Uso mzima, macho yamejaa machozi, kila ukope unahesabika. Nimesafisha maelfu ya picha na sijawahi kuona nyingine kama ile. Tulisimama tunaitazama. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na ilikuwa inamfukuza binti wa watu kwenye ndoa yake.

Mzee Elisaria akanyoosha mkono, akafungua mlango.

Jua la saa nne liliingia lote. Mimi nilipiga kelele, nikaruka kuufunga, nikamuuliza kama amerukwa na akili. Aliuzuia mlango kwa mguu, akangoja. Wenye kazi hii wanajua kinachotokea kioo kikipigwa na jua kabla dawa haijamaliza kazi: ule uso uliingia weusi kuanzia pembeni, mpaka kioo chote kikawa kama kitako cha sufuria chenye masizi. Kisha akaniambia, taratibu kabisa, kwamba nisimwambie mtu.

Tukarudi Sambasha siku ile ile. Alisimama mbele ya wazee, akawasalimu, akatoa kile kioo cheusi, akasema ameharibu picha. Akasema ni kosa lake yeye, hakuwa makini, hajui kazi. Yeye! Nilitazama chini kwa sababu uso wangu ungetusaliti. Wazee walikipitisha kioo mkono kwa mkono, wakakielekeza kwenye jua, hawakuona kitu. Kwanza walishangaa, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote. Nkasiogi akauliza: kama sanduku ni kipofu, nani basi atakayemshitaki binti? Lekishon akakubali binti apite. Mzee Elisaria akatozwa kondoo mmoja kwa kumpigia bibi harusi makelele, na Nalepo akaondoka njiani pale akaenda kwa mume wake kabla jua halijashuka.

Huku mjini habari zilifika kabla yetu. Yule anayejisifu kwamba haharibu kioo ameharibu harusi nzima! Watu wanne wa Tengeru wakafuta miadi yao. Bwana Ratilal akamwondoa kwenye harusi miezi kumi na mmoja, akamweka kupiga picha ndogo za leseni. Kanisani walimuuliza huku wanacheka kama ameleta kondoo wa sadaka. Mama Eunike alilia kwa hasira. Mzee alijibu neno moja tu kila mara, kwamba ni kweli, aliharibu. Hakujisifu tena maishani mwake, na mimi nilimeza ulimi wangu miaka kumi na miwili, ingawa ulinikwaruza.

Aliporudishwa harusini alikuwa mtu mwingine. Wapiga picha vijana, mmewahi kujiuliza kwa nini Mzee hamwiti bibi harusi kwa sauti? Kwa nini anazunguka mbele, anavua kofia, anangoja atazamwe? Mlisema ni maringo. Sambasha ilikuwa haimtoki. Kila siku ya soko aliwatafuta watu wa kule, akauliza habari za Nalepo. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, Mzee hakula siku mbili. Ng'ombe wao walipokufa kwa ugonjwa, aliniambia kwamba ni ile sauti yake. Nilimwambia aache upuuzi. Hakuacha.

Mwezi uliopita nilipanda Sambasha bila kumwambia. Lekishon amekwisha fariki, na nilitaka ruhusa ya wenyewe kabla sijaandika mambo yao. Lerionka akanipa kigoda, na Nalepo akaleta maziwa. Wana watoto watano. Niliposimulia habari ya kile kioo, Nalepo alishika mdomo kwa mikono miwili. Miaka yote hii, alisema, amekuwa akimwonea huruma yule baba wa watu asiyejua kazi yake. Kisha akalia, na mimi nikalia, na Lerionka akatoka nje kutazama ng'ombe ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Halafu Nalepo akaniambia jambo ambalo nusura liniangushe kwenye kigoda. Amenituma nikuambie, Mzee Elisaria, na amekubali lisomwe na watu wote, kwa kuwa mume wake analijua tangu zamani. Najua nimevunja ahadi niliyokupa. Nikasirikie kesho, leo endelea kusoma.

Anasema hakukusikia. Vigelegele vilikuwa vingi, njuga za vijana zinalia, yeye hakusikia sauti ya mpiga picha wala ya mtu mwingine. Mama yake, Namnyaki, alikuwa mgonjwa, amesimama langoni ameshikiliwa na wanawake wawili, na Nalepo alijua hatamwona tena akiwa hai. Mama huyo alizikwa kabla ya masika. Nalepo anasema aliujua mwiko tangu utotoni, akapiga hatua tisa akijizuia, na ya kumi ikamshinda. Alitazama nyuma kumwona mama yake, na hajajuta hata siku moja.

Si wewe uliyemgeuza, Mzee wetu. Ulipoteza jina lako kwa kosa ambalo hukulifanya, ukalibeba miaka kumi na miwili, na binti yule angetazama nyuma hata kama usingekuwapo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa studio, asante kwa miaka thelathini na mmoja, na asante kwa ule mlango uliofungua. Nenda nyumbani Nkoaranga na mama Eunike, ule ushibe, ulale usiku mzima. Mungu akupe siku nyingi na moyo mwepesi.