Maman Consolate na ukuta mweupe wa Nguba

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Nguba, na ninyi wazazi mliokuja na watoto wenu, mimi ni Ezéchiel Cishugi, kaka mkubwa wa marehemu, na jamaa wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, pamoja na kuwajibu wale wote wanaouliza tangu Jumatano kama uwanja wake utauzwa.

Consolate M'Bahizire alizaliwa Lwiro, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa Bahizire, aliyekuwa akilisha wanyama wa kituo cha utafiti, na wa Marcelline M'Ntakwinja, mkulima. Naomba jina lake liandikwe sawasawa, M'Bahizire, kwa maana ni binti wa Bahizire, na lile tangazo lililobandikwa barabarani, lisemalo Mbahizire, limekosea.

Alibatizwa Katana, tarehe 21 Aprili mwaka ule ule, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha akaendelea kwa masista hapa Bukavu, alipopata diploma ya ualimu mwaka 1976, na mwezi wa Septemba akaanza kufundisha watoto wadogo wa maternelle huko Kadutu. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Firmin Cirimwami, fundi wa umeme, aliyetutoka mwaka 2009, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Dany na Apolline, ambao wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1992, mishahara ya walimu ilipokuwa haifiki tena, alinunua kamera iliyokwisha kutumika, na kazi ambayo wengi waliiona kama ya kupita ikawa kazi ya maisha yake. Alikuwa ameona jinsi watoto walivyosimamishwa studioni, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, shingo zimekakamaa kama za askari wa gwaride, macho yametoka kwa sababu ya flashi, naye akaamua kwamba mtoto mdogo apigwe picha nje, kwenye majani, katika mwanga wa jua peke yake, akiwa na mnyama wa kumshughulisha. Alifuga sungura na mbuzi katika uwanja wa nyumba yake hapa Nguba, akawa analala kifudifudi chini ili kamera ilingane na macho ya mtoto, na hakumwomba mtoto yeyote acheke, bali alimpa majani mkononi na kumwambia, "Usiniangaliye mimi, angaliya mbuzi, iko na njaa." Mbuzi mmoja alikula utepe wa kofia ya mtoto wa Maman Charlène siku ya ubatizo, mama akakasirika sana, lakini picha aliyoichagua kuitundika sebuleni ni ile ile ya mbuzi mwenye utepe mdomoni.

Mwaka 2014 jirani yetu wa upande wa mashariki, Papa Xavier, alijenga nyumba ya ghorofa tatu katika parcelle, yaani kiwanja chake, kwa haki yake kamili, na jua la asubuhi likawa halifiki tena uwanjani mpaka karibu na adhuhuri, saa ambayo mwanga wa juu unawatia watoto vivuli vyeusi machoni. Jamaa tulimshauri auze wanyama, ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye alikwenda kwa jirani, ambaye alimtangulia kwa kusema, "Maman Conso, jua haina parcelle, sitabomoa." Naye akamjibu, "Sikuje kuomba jua, Papa Xavier. Nakuja kuomba ukuta." Alitaka ruhusa ya kuupaka ukuta ule chokaa nyeupe, kuanzia chini hadi juu, kwa kuwa alikuwa amechunguza na kuona kwamba jua la alasiri likiupiga litarudi uwanjani likiwa limepoa. Papa Xavier alicheka, akasema, "Ukuta iko yangu, rangi iko yako, tukigombana tutagawanya namna gani?" Hawakugombana, ukuta ukapakwa. Picha zake nzuri kuliko zote ni za miaka iliyofuata, zilizopigwa alasiri, watoto wakiwa na uso laini usio na kivuli, nasi tuliomshauri vingine tukakiri kwamba tulikosea.

Kisukari kilianza kumtesa mwaka 2019 na kuyafifisha macho yake, na tangu 2022 Apolline ndiye aliyeshika kamera, mama yake akikaa kitini kando, akisikiliza. Mtoto alipoacha kuongea akatulia na mnyama, marehemu alisema neno moja tu, "Sasa," na Apolline alibonyeza. Dada yetu aliaga dunia hospitalini, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa zamani wa Kadutu, majirani wote waliolala nasi kwenye kilio, na kwa namna ya pekee Papa Xavier.

Sasa jibu. Jana jioni Dany, ambaye ndiye aliyekuwa amepata mnunuzi wa uwanja, alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba sehemu yake anamwachia dada yake, nasi sote tukakubali. Uwanja hautauzwa wala hautajengwa. Wazazi mliokuwa mmepangiwa Jumamosi ijayo, leteni watoto alasiri, Apolline atawapokea.

Consolate M'Bahizire, binti wa baba yetu, Bwana akupe raha yake, ulale kwa amani.