Mkono wa Damaris

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la Dahir, karibu na stendi ya Migori, na kahawa ni ya birika moja. Asubuhi hiyo Damaris alikaa mwisho wa benchi, aproni ya kazi bado mwilini. Kiwanda kidogo cha siagi ya njugu alichokitumikia miaka sita kilikuwa kimefungwa saa mbili. Mwenye kiwanda, Mwalimu Mokua, mkuu wa shule mstaafu, alikuwa amepeleka mali Tarime, ng'ambo ya mpaka, ikarudi yote kama ilivyokwenda. Damaris ana watoto watatu, na baba yao hayupo.

Kijiwe kilikuwa kimeshapata sababu. Wesley, wanayemwita Chansela kwa kuwa aliacha chuo mwaka wa kwanza, alisema mwalimu mkuu hawezi biashara ya nje, maana amezoea kufuatwa ofisini.

— Aliandikia wenye maduka barua, akakaa akingoja majibu. Barua, buda. Na mhuri.

— Shida si ualimu, Dahir akasema. Hana shemeji huko. Mimi nikifika mji wowote, kwanza natafuta shemeji.

— Wewe mashemeji wako ni wengi kuliko wateja.

Chansela aliendelea mpaka akafikia kusema kwamba bosi wa kuvuka mpaka lazima awe amewahi kufukuzwa shule, ndipo ajue kuanza upya mahali asikojulikana. Dahir akamwambia kwa hilo yeye Chansela angekuwa na matawi ya biashara mpaka Kigali. Damaris hakucheka.

Mama mmoja aliyetoka Sirari, upande wa Tanzania, na mizigo yake akaomba nafasi. Damaris alisogea, akamsalimu kwa Kikuria, lugha ya huko Tarime. Wakaulizana kwao, kumbe mama zao waliuza soko moja, Tarime. Mgeni akasimuliwa habari ya kiwanda.

— Huko kwetu walimtuma nani?

— Paul, mpwa wa Mwalimu, Chansela akajibu. Ako na digrii.

— Anajua Kikuria?

— Hapana.

— Na huyu alikuwa humo miaka sita. Mbona hawakumtuma yeye?

Dahir akachungulia birika. Chansela akainama kufunga kamba za kiatu.

Damaris aliukumbuka mkutano wa kumtuma Paul. Kiwandani kwa Mwalimu, kama darasani, mtu husema akiruhusiwa, naye siku ile aliinua mkono. Mwalimu akamwambia aushushe, maswali yatakuja mwisho.

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akabaki nayo mapajani.